Nani Alikiri? Sentensi Moja ya Kiingereza, Watu Watatu

Sentensi yenyewe ilikuwa kwenye muhtasari wa kikao, ukurasa wa pili, na ilisomeka hivi:

"The auditor told the manager that the cashier had altered the ledger, admitting that the figures had not been checked."

Maneno 20. Kosa la tahajia hakuna, nyakati za vitenzi zimekaa sawa. Mwalimu wa Kiingereza mwenye haraka angeweka vema na kufungua ukurasa unaofuata. Hata hivyo watu wawili waligoma kutia saini kwa sababu yake, na wa tatu alisaini upesi kuliko kawaida yake.

Kazi yangu ni kunyoosha Kiingereza cha watu wanaofikiri kwa Kiswahili, nami nikiwa mmoja wao. Mwandishi wa kikao, kijana makini asiyependa kuulizwa jambo mara mbili, alinijia na karatasi mkononi.

"Kaka, hebu nitazamie hii. Mama keshia anasema nimemsingizia. Mkaguzi naye anasema nimemsingizia. Sasa hapa nimemsingizia nani?"

"Aliyekiri ni nani?"

"Meneja," akajibu bila kusita. "Si imeandikwa hapo?"

Haikuandikwa. Kwenye karatasi ile meneja anaambiwa tu, hasemi neno hata moja.

Tuanze na walivyosoma wenyewe, maana kila mmoja alisoma kwa njia yake na hakuna aliyesoma kijinga. Keshia alisoma kama wasomaji wengi wanavyosoma: alipofika kwenye "admitting" alirudi nyuma kumtafuta mtu wa karibu anayeweza kukiri, akajikuta yeye. Tena kukiri ni kitendo kinachotafuta mtuhumiwa, na mtuhumiwa kwenye sentensi ile ni mmoja tu. Akaona ameandikwa kuwa kabadilisha leja, halafu kakubali kwa mdomo wake kwamba hesabu hazikuhakikiwa. Hakuwa amefungua mdomo kikao kizima.

Mkaguzi alisoma kwa sarufi ya darasani. Kirai cha -ing kikija bila mtenda wake, kinamrudia kiima wa sentensi kuu, na kiima ni "the auditor". Kwa hiyo ni yeye aliyekiri. Kwa mtu ambaye kazi yake ndiyo kuhakiki, kukiri kwamba hesabu hazikuhakikiwa ni kujikatia kamba ya shingo.

Meneja alisoma kama keshia alivyosoma, akaridhika. Maneno yanayotupendelea huwa hatuyasomi mara mbili.

Nikaomba kuona daftari ambalo kijana aliandikia wakati kikao kikiendelea. Mistari miwili, kwa kalamu ya haraka: "Mkaguzi akamwambia meneja keshia kabadili leja. Akakiri hesabu hazikuhakikiwa." Kati ya mstari wa kwanza na wa pili kulikuwa na swali la mwenyekiti, lililomlenga meneja, ambalo hakuliandika kwa sababu mkono haukuwahi. Meneja alijibu swali lile. Kilichobaki daftarini ni jibu bila swali na bila mwenye kujibu.

Angalia lile neno la pili. Ni "akakiri", si "akikiri". Zinatofautiana kwa irabu moja, na irabu hiyo imebeba nusu ya kisa hiki. Kiambishi -ka- kinasema jambo hili lilifuata lile: akaingia, akaketi, akasema. Kiambishi -ki- kinasema mambo mawili yalikwenda pamoja, la pili likiwa ndani au pembeni ya la kwanza: alisimulia akilia. Umbo la -ing linalofuata kitenzi cha kuripoti cha Kiingereza, baada ya mkato, linakaribiana na -ki-. Linamwambia msomaji kwamba huyu bado anazungumza, kauli ni ile ile, na hapa tunaonyeshwa upande wake mwingine. Ndiyo maana "He denied the charge, saying he had been away" ni sentensi nzuri. Kukana kwake na kusema kwake ni tendo moja, kama tunavyosema "alikana shtaka akisema hakuwapo".

Kijana alichukua "akakiri" yake, tendo jipya la mtu mwingine lililokuja baada ya swali, akaivalisha -ing. Nilipomwonyesha, alisema jambo ambalo nimelisikia kwa wengi: -ing inaonekana ya kitaalamu zaidi kuliko "and". Shuleni tuliambiwa tusirundike "and, and, and", tukafundishwa kuunganisha sentensi kwa -ing, na hakuna aliyetuambia kwamba kiunganishi hicho kinadai malipo: mtenda awe yule yule.

Malipo hayo ndiyo nusu ya pili. Kitenzi chetu hakitembei bila nafsi. Ukisema "nikikiri", "ukikiri", "wakikiri", mtenda yumo ndani ya neno. Laiti aliyekiri wangekuwa mameneja wawili, daftari la kijana lingesomeka "wakakiri" na mkaguzi asingeweza kudhaniwa, kwa kuwa yeye ni mmoja. Kiingereza kinaandika "admitting" kwa mmoja, kwa kumi, kwangu, kwako na kwao. Herufi hazibadiliki hata moja. Mswahili anayeandika "admitting" kichwani mwake anasikia kiambishi cha nafsi ambacho kwenye karatasi hakipo. Anaamini amesema nani, kumbe amesema nini tu.

Ila tusijisifu sana. Katika kisa hiki Kiswahili chenyewe kilikuwa tayari kimepotosha kabla Kiingereza hakijaingia, kwa sababu watu wote watatu ni umoja wa ngeli moja na wote wanachukua a-. "Akakiri" ya daftarini ingeweza kuwa ya yeyote. Kijana alijua ni nani kwa kuwa alikuwepo. Hapo Kiingereza, kwa mara moja, kingeweza kutusaidia: keshia ni mwanamke na wale wawili ni wanaume, hivyo "and he admitted" ingemtoa mama yule kwenye hatari hata kama ingewaacha wanaume wakitazamana. Kwa kuchagua -ing, kijana alitupa hata ule msaada mdogo.

Sasa jaribio. Huwa nalifanya kwa kalamu, si kwa kichwa, maana kichwa kinakubali mapema. Kihamishe kirai cha -ing ukiweke mbele kabisa, kisha usome kwa sauti: "Admitting that the figures had not been checked, the auditor told the manager that the cashier had altered the ledger." Kama bado ni kweli, kirai ni cha msemaji mkuu na unaweza kukirudisha kilipokuwa. Hapa si kweli. Halafu kiingize ndani ya kishazi cha "that", baada ya mtu aliyemo humo: "that the cashier, admitting that the figures had not been checked, had altered the ledger". Hiyo nayo si kweli, na juu ya hapo haina mantiki, maana inamfanya mtu akiri huku anabadilisha. Jaribu basi kumpa meneja. Utaandika "The auditor told the manager, admitting that…", na bado anayekiri ni mkaguzi. Hakuna pa kukiweka kirai kile ili meneja akipate.

Hapo nilisimama kidogo. Kati ya watu watatu, sarufi ilikuwa inaruhusu wawili, na wote wawili hawakukiri. Aliyekiri ndiye pekee aliyefungiwa mlango, kwa sababu katika "told the manager" yeye ni mpokeaji wa maneno, si mtoaji.

Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1985, waliielezea kama kanuni ya kuambatisha: kirai kisicho na mtenda kinachukua kiima wa kishazi kinachokitawala. Kwenye sentensi ya kawaida hilo linatosha. Shida ya vitenzi vya kuripoti ni kwamba vinabeba sentensi mbili kwa mpigo, ya msemaji na ya anayesemwa, kwa hiyo kirai kilichoning'inia mwishoni kina viima wawili wa kuwachagulia. Sentensi zenye "said that", "told him that" na "reported that" zinahitaji jicho kali kuliko nyingine.

Tena jambo hili ni la zamani. Katika Hamlet ya Shakespeare, iliyoandikwa karibu na mwaka 1600, mzimu wa mfalme unamweleza mwanawe uongo uliotangazwa kuhusu kifo chake: "'Tis given out that, sleeping in my orchard, a serpent stung me." Kitenzi cha kuripoti kipo, "that" ipo, kirai cha -ing kipo, na kwa sarufi kali aliyelala bustanini ni nyoka. Iseme kwa Kiswahili: inatangazwa kwamba nikiwa nimelala bustanini mwangu, nyoka aliniuma. Ile "ni-" imemaliza mjadala kabla haujaanza. Waingereza wenyewe hawapotei hapo, kwa sababu nyoka aliyelala haumi na aliyekufa ndiye anayesimulia. Maana inaokoa sarufi. Kwenye muhtasari wetu hapakuwa na cha kuokoa: mkaguzi anaweza kukiri, keshia anaweza kukiri, meneja anaweza kukiri, na jambo lenyewe linaweza kukiriwa na yeyote kati yao.

Kabla sijagusa sentensi, wenzangu wawili wa chumbani walikwishatoa dawa zao. Wa kwanza alisema tufute mkato. Tukaufuta tuone: "had altered the ledger admitting that the figures had not been checked". Sasa -ing imeegemea nomino iliyo jirani yake, na aliyekiri ni leja. Tulicheka, lakini kuna somo la mkato humo. Mkato unaweza kukitenga kirai na nomino ya jirani, na kwa kawaida unamsukuma msomaji kurudi kwa kiima. Hauwezi kumchagulia kati ya viima wawili, na hauwezi kabisa kumpa mpokeaji.

Wa pili alipendekeza "having admitted". Inasikika nzito, watu wanaipenda kwenye ripoti. Lakini "having" inarudisha nyuma wakati tu, haimbadilishi mtenda. Tungepata mkaguzi aliyekiri kwanza ndipo akamwambia meneja, yaani uongo ule ule, safari hii na tarehe ya mapema zaidi.

Kijana mwenyewe alijaribu kumtenga keshia kwa kuandika "The cashier was said altering the ledger". Kosa hili lina chanzo kinachoeleweka. Kiingereza kinakubali "was seen altering", "was caught altering" na "was heard saying", maana kuona, kunasa na kusikia ni vitenzi vya kumshuhudia mtu tendo likiwa linaendelea, na hapo -ing ni mali ya anayeshuhudiwa. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo: alionekana akibadilisha. Ila kusema si kushuhudia. "Was said" na "was told" hazichukui -ing ya namna hiyo. Utaandika "was said to have altered" ikiwa tendo limekwisha, au "was said to be altering" ikiwa linaendelea. "Reported" ina mguu kila upande: "was reported to have altered" ni salama, na "was reported missing" ni ya kila siku kwa mtu aliyepotea, lakini hiyo "missing" imekwisha kuwa sifa, si tendo la kuiga kwa vitenzi vingine.

Kuna -ing nyingine inayofanana na hii kwa sura na isiyo ndugu yake. Katika "The cashier denied altering the ledger", neno "altering" si kirai kilichoning'inia. Ndicho kitu chenyewe kilichokanwa, kama "kubadilisha" kwetu. Vitenzi "admit", "deny", "mention", "recall" na "report" vinakubali umbo hilo na mtenda wake hana utata, ni yule yule aliyekiri au aliyekana. "Claim", "promise" na "threaten" vinataka "to". "He claimed altering" haiandikiki, na "She denied to alter" nayo ni kosa, ingawa kwa Kiswahili zote ni "ku-" tu na ndiyo maana zinatuponyoka.

Baada ya hapo nilisoma ukurasa wote, kwa kuwa mtu akikosea -ing mara moja huwa amekosea na kwingine. Nikakuta hii: "The manager said the report was late, adding that the deadline had been short." Hiyo ni nzuri, niliiacha. Msemaji mmoja, pumzi moja. Mtu mkali wa mantiki angesema kuongeza kunakuja baada ya kusema, kwa hiyo si sambamba. Kweli, lakini "adding" imezoeleka hivyo kwenye habari za Kiingereza na haimchanganyi mtu. Mtindo wenyewe wa kuambatisha -ing kwenye kauli una umri. Biblia ya King James ya mwaka 1611 imejaa "And the LORD spake unto Moses, saying", ikifuata Kiebrania kinachotumia neno lake la "kusema" kufungulia maneno ya msemaji. Pale hakuna anayeuliza kama aliyesema ni Musa.

Iliyofuata ilinisumbua: "The chairman thanked the members, asking them to be punctual." Mtenda ni mmoja, hilo halina shida. Lakini kushukuru hakufanywi kwa njia ya kuomba watu wawahi. Ni mambo mawili yaliyosemwa na mtu mmoja, ambayo Kiswahili kingeyapa -ka-: akashukuru, akawaomba. Niliandika "thanked the members and asked them". Kijana alitazama ile "and" kwa huzuni kidogo.

Kisha hii, ambayo naikuta karibu kila wiki: "It was reported that the safe had been found open, adding that the key was missing." Nani anaongeza? "It" ya hapo ni jina tupu lililowekwa kushika nafasi, haina mdomo. Nadhani najua inakotoka. Kwetu ni kawaida kusema "iliripotiwa kuwa kasha lilikutwa wazi, ikaelezwa pia kuwa ufunguo haukuonekana", na ile "i-" inaweza kubeba taarifa ya pili bila msemaji kutajwa kwa sababu kitenzi chenyewe kimegeuzwa kuwa cha kutendwa: ikaelezwa. "Adding" haikugeuzwa. Inadai mtu anayeongeza. Ama umtaje, "The guard reported that the safe had been found open, adding that the key was missing", ama uendelee na kutendwa, "and that the key was missing". Ndugu wa kosa hili ni ile inayoanza na "According to the report" na kumalizia na "adding that". Ripoti ya hapo si kiima, ni chanzo kilichotajwa pembeni.

Zipo -ing zisizo na mwenyewe ambazo Kiingereza kimezisamehe. "Judging by the entries, the ledger had been altered" haimfanyi leja kuwa hakimu. "Considering" na "regarding" zimekwisha kuwa kama vihusishi, na Henry Fowler alizungumzia -ing za namna hii katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926. "Admitting" haimo kwenye kundi hilo. Kukiri ni lazima kuwe na mtu.

Tukarudi kwenye sentensi yetu. Jaribio langu la kwanza lilikuwa "who admitted", lakini "The auditor told the manager that the cashier had altered the ledger, who admitted…" inaipeleka "who" kwa keshia tena, au inaiacha ikiipapasa leja. Ili "who" imfikie meneja ni lazima akae jirani yake, na sentensi nzima ingepinduka. Sikuona faida. Nilikata katikati:

"The auditor told the manager that the cashier had altered the ledger. In reply to a question from the chairman, the manager admitted that the figures had not been checked."

Sentensi mbili, wasemaji wawili, na swali la mwenyekiti lililopotea limerudi mahali pake. Kijana aliisoma, akasema imekuwa ndefu. Ni kweli, imeongezeka maneno kumi. Manane kati ya hayo ni lile swali.

Akaniuliza kama tuendelee na "had not been checked" au tuseme nani hakuhakiki, maana hapo pia mtenda hayupo. Aliona vizuri. Lakini kikaoni meneja alisema "hazikuhakikiwa", vivyo hivyo, bila kumtaja mtu, na kumtafutia mtenda si kazi ya mwandishi wala yangu. Nilimwambia aache kama ilivyosemwa.

Toleo jipya lilipelekwa mchana ule. Keshia alisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno, akasaini. Mkaguzi akasaini chini yake. Meneja aliomba aachiwe karatasi hadi kesho yake.